Udongo wa Pugu kwenye pipa la kuchomea plastiki: jaribio la 6 na la 7

Jumapili, Gongo la Mboto

Tangu nianze mradi huu wa kugeuza taka za plastiki kuwa mafuta, mafuta yangu yamekuwa yakiganda kama samli yakishapoa. Leo asubuhi nimeinamisha chupa, yakamiminika. Nimerudia mara tatu kuhakikisha.

Kilichobadilika ni udongo. Nimetumia kaolini, ule udongo mweupe wa vilima vya Pugu, kiroba kizima kwa gharama ya nauli tu. Niliupeleka kwa mafundi wa masufuria. Tanuri lao linayeyusha aluminiamu, kwa hiyo joto lake linapita nyuzi 660, na kaolini huhitaji karibu nyuzi 600 kutoa maji yaliyofungwa ndani yake. "Mdogo wangu, unachoma vyungu?" fundi akaniuliza. Nilimweleza: plastiki ni minyororo mirefu. Joto peke yake huikata ovyo, vipande vinabaki virefu, ndiyo nta inayogandisha mafuta. Kwenye uso wa udongo uliochomwa kuna asidi, na hapo minyororo hukatika mifupi zaidi. Zeolaiti za viwandani, madini yenye vitundu vidogo sana, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kaolini, ila bei yake siiwezi.

Jaribio la 6 liliharibika. Nilitia taka kama zilivyookotwa, bila kuchambua. Baada ya dakika 40 mapovu kwenye ndoo ya maji, mahali gesi inapotokea, yakakoma. Bomba la kutolea mvuke limeziba! Nikazima jiko, nikawatoa watoto wote uani, nikaacha pipa lipoe hadi kesho yake. Ndani ya bomba la shaba nilikuta sindano nyeupe zenye umanjano, zimeshonana kama barafu ya friji. Hiyo ni asidi ya benzoiki, inatokana na makopo ya maji. Pembeni shaba imekuwa kijani: kazi ya haidrojeni kloridi, gesi ya asidi, maana kulikuwa na vipande vya PVC, mabomba ya kupitishia nyaya za umeme.

Kwa hiyo jaribio la 7 lilianzia kwenye karai la maji. Vizibo, madumu na ndoo zilizovunjika huelea. Makopo ya maji na PVC huzama. Makopo nimempa mama anayeyakusanya, yana soko lake. Kipande ninachokitilia shaka nakigusa kwa waya wa shaba uliopata moto, kisha naurudisha waya kwenye moto. Ukiwaka kijani, kuna klorini kama ya PVC, nakitupa kando.

Gramu 500 za plastiki, 50 za udongo, nyuzi 430. Nimepata gramu 290 za mafuta, na nta kidogo tu chini ya chupa. Udongo umetoka mweusi tii.

Bado kinachoniuma ni vifungashio vya biskuti, plastiki na foili zimebandikwa pamoja. Hakuna anayevinunua, na mvua ikinyesha ndivyo vinavyojaa Msimbazi. Nimeanza kuviweka kwenye gunia la peke yake. Kabla ya kuvigusa, wiki ijayo nitauchoma tena udongo ule uliotumika hadi masizi yatoke, nione kama utakata minyororo mara ya pili.