Kuamua imani yako Usukumani

Mtu wa Mwanza akiacha kanisa au msikiti, huitwa mpagani na mazungumzo huishia hapo. Inaniuma, kwa sababu Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda hata uhuru wa kubadilisha imani.

Anayetaka kuamua mwenyewe asichanganye kuwaheshimu masamva na kupiga ramli. Masamva ni wahenga wa ukoo. Hukumbukwa kwa majina, hutambikiwa, na juu yao yupo Mungu mmoja ambaye Wasukuma humwita Liwelelo. Hakuna hapo cha kumdhuru mtu. (Nenda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, ukaone vibanda vya masamva. Makumbusho yale yalianzishwa na padri!) Ramli ndiyo inayoharibu: mtoto anaumwa, mganga anamtaja bibi jirani mwenye macho mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Bibi wengi Kanda ya Ziwa wameuawa hivyo. Mganga akikutajia jina la mtu, ondoka. Akikuambia uache dawa za hospitali, ondoka pia.

Ndoa si tatizo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kiserikali na ya kimila. Ya kiserikali, toa taarifa kwa msajili siku 21 kabla.

Mazishi ndiyo magumu. Usiposema mapema, ndugu watagombana mbele ya jeneza nani aongoze ibada. Andika unavyotaka kuzikwa, wasomee mkeo au mumeo na mkubwa wa ukoo, kila mmoja abaki na nakala.