Mlango wa Nyuma Ulipofunguka

Pancha tuliipata jioni, jua likiwa limeshaanza kushuka, na sisi ndio tuliokuwa mkia wa msafara wa magari manne. Nikashika maiki ya redio ya upepo, nikaita. Kimya. Nikaita tena, polepole, nikitamka kila neno. Kimya kile kile. Wenzetu walikuwa wametutangulia kilomita nne hivi, na njia ilikuwa tambarare, mchanga na vichaka vifupi tu, bila mlima wala jengo la kuzuia mawimbi. Redio yangu ilikuwa ya wati 50. Kwa masafa yale sauti ilipaswa kufika na kubaki na nguvu.

Mjomba, aliyekuwa amekaa kando yangu, hakusema kitu. Alishuka akazunguka nyuma kutafuta jeki. Mlango wa nyuma wa gari langu ni ule unaofunguka kwa upande, umebeba tairi la spea mgongoni. Aliuvuta mpaka mwisho, ukazunguka na kutokeza ubavuni mwa gari. Papo hapo redio ikasema: "Gari la nne, mko wapi? Tumewaita mara tano!"

Nikajibu haraka kwamba tuna pancha. Wakanisikia. Mjomba akapata jeki yake, akaufunga mlango, na sauti ya kiongozi ikakatika katikati ya neno. Akaufungua, ikarudi. Akaufunga, ikapotea. Alifanya hivyo mara tatu, bila haraka, uso wake umetulia kama wa daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akaniita.

"Mpwa wangu, njoo uangalie antena yako imekaa wapi."

Antena ile niliifunga mwenyewe, wiki moja kabla ya safari. Nilichagua mlango wa nyuma kwa sababu kulikuwa na kipande cha chuma cha kushikilia tairi la spea, chenye tundu tayari, na waya ungeweza kupita kwenye mpira wa mlango bila kutoboa chochote. Niliona nimepata mahali pazuri: hapaonekani sana, matawi hayapafikii, na bodi imebaki nzima. Nilikuwa nimefikiria kila kitu kuhusu gari, na karibu sikufikiria chochote kuhusu mawimbi.

Mjomba alifanya kazi ya redio kwenye meli kwa miaka mingi. Pale kwenye mchanga, tukiwa tunabadilisha tairi, alinieleza akinionyesha kwa spana. Tulikuwa tunatumia megahezi 145. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa mita mbili na kidogo, na fimbo ya robo ya wimbi ni kama nusu mita. Fimbo yangu ya nusu mita ilisimama chini ya ukingo wa paa. Mbele yake kulikuwa na ukuta mzima wa chuma, yaani gari lenyewe, na ubavuni sentimita chache tu kutoka kwenye rimu ya spea. Wenzangu wote walikuwa mbele. Kwa hiyo kila nilipozungumza nilikuwa nazungumza na njia tuliyotoka.

"Fimbo ni nusu ya antena," alisema. "Nusu nyingine ni bati lililo chini yake. Wewe umeipa nusu moja, nyingine ukainyima."

Neno hilo lilinikaa. Nilikuwa nikidhani antena ni kitu unachonunua kikiwa kamili, kazi yako ni kukifunga tu. Kumbe fimbo ya robo wimbi inahitaji chuma kilichotandaa chini yake pande zote, kama nusu mita kila upande, kikiwa kama kioo kinachoikamilisha. Bila hicho inahangaika kutafuta nusu yake kwenye waya, kwenye mlango, kwenye bawaba, popote inapopata.

Tuliporudi, Mjomba alikuja na antena ya sumaku na kipimo cha SWR, ule uwiano unaoonyesha kiasi cha nguvu kinachoigonga antena na kurudi redioni. Rafiki yetu mwenye leseni ya redio kama sisi alipeleka gari lake mbali, akasimama huko akisoma ishara yangu kwenye redio yake. Mlango wa nyuma ulitoa 2.6. Hiyo maana yake karibu moja ya tano ya nguvu ilikuwa inarudi bila kutoka. Lakini jambo lililonishangaza lilikuwa boneti. Tulipoweka sumaku kwenye kona ya boneti, kipimo kilishuka hadi 1.5, nami nikafurahi, nikasema basi tumepata. Mjomba akaniambia nizungushe gari nimpe mgongo rafiki yetu. Nikazungusha. Ishara ikaanguka vibaya sana, na kipimo hakikutikisika hata kidogo.

"Mita inakuambia redio yako imeridhika," alisema. "Haikuambii nani anakusikia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile kazi ya kuzunguka ilikuwa muhimu kuliko namba. Tukaendelea: bampa ya mbele, ambapo mlio wa injini uliingia kwenye redio kama nyuki; keria, ambapo antena ilisimama juu ya kila kitu lakini mabomba ya keria yalikuwa yamefungwa kwenye vipande vya mpira, chuma kisigusane na chuma, na kipimo kikawa kinaruka kila tulipotikisa gari. Mtu mwingine angeweza kuitengenezea keria ile waya mzuri wa eathi na ikafaa. Ila keria yangu hubeba mahema na madumu, na fimbo iliyozungukwa na mizigo haina tofauti kubwa na ile iliyofichwa nyuma ya spea.

Kisha tukaondoa keria, tukaweka sumaku katikati ya paa. Nilizungusha gari duara zima, kituo kwa kituo, na rafiki yetu akawa anarudia neno lile lile: "Sawa. Sawa. Sawa."

Nilijua jibu, na sikulitaka. Sumaku isingedumu kwenye njia zetu. Tawi moja lingeing'oa, na vumbi chini yake lingekwangua rangi. Jibu lilikuwa tundu. Kutoboa paa la gari ambalo nililinunua kwa miaka ya kujinyima, tundu la milimita 19, katikati kabisa, mahali ambapo maji yakiingia yatanidondokea kichwani. Nilikaa siku tatu bila kumjibu Mjomba. Nilipapasa lile paa kwa kiganja kama mtu anayeaga. Nadhani kila mwenye gari la porini anaijua hofu hiyo, na siioni kuwa hofu ya kijinga: bodi ikianza kutu haitaki radhi.

Kilichonishawishi ni ule mlango. Kila nilipoufunga nilisikia sauti ya kiongozi ikikatika.

Tulivua taa ya ndani kwanza, tukaona nafasi juu ya dari ya kitambaa na njia ya waya hadi kwenye nguzo, mbali na mfuko wa hewa wa pembeni. Mjomba alibandika utepe juu ya rangi, akapima kutoka pande zote mbili, akaweka alama, akapima tena. Mimi ndiye niliyeshika drili. Alikataa kunishikia. Chembe za chuma tulizifagia zote, maana zikibaki kwenye rangi zinaota kutu. Ukingo wa tundu tuliupaka rangi ya kuzuia kutu, na upande wa chini tukakwangua duara dogo hadi chuma kikang'aa, ili kitako cha antena kishike bati moja kwa moja. Juu likakaa sili la mpira. Keria tuliisogeza nyuma, ikaacha paa tupu upande wa mbele, na kwenye shina la fimbo tukaweka springi, tawi likija ilale na kuinuka.

Kipimo kilisoma 1.3. Sikukitazama sana. Niliingia, nikafunga milango yote, wa nyuma nikaufunga mara mbili, nikamwita rafiki yetu huku nikiwa nimemwelekezea pua ya gari, kisha ubavu, kisha mgongo.

Mvua ya kwanza ilinikuta njiani, tena nikiwa mkia. Nilikuwa naendesha kwa mkono mmoja, mwingine nikiubonyeza kwenye kitambaa cha dari kuzunguka pale tulipotoboa, kila baada ya dakika chache. Kilikuwa kikavu. Kiongozi aliita kutoka ng'ambo ya kilima akiuliza kama nimeshavuka korongo, nami nikaushusha mkono nikachukua maiki.