Moyo Unaosikia

Wapendwa katika Bwana, wiki hii naomba tufungue Matendo ya Mitume sura ya 27 na tuisome polepole, tukiisoma kama watu wa pwani, kwa maana ni sura ya bahari, na sisi tunaoishi Tanga hatuhitaji kuelezwa upepo ni nini. Paulo anapelekwa Roma akiwa mfungwa chini ya ulinzi wa akida aitwaye Yulio. Merikebu imefika kwa shida mahali paitwapo Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete. Siku za kufunga za Wayahudi, ambazo huangukia Septemba au Oktoba, zimekwisha kupita, na katika bahari ile majira ya dhoruba yanakaribia. Paulo anawaonya wenzake kwamba wakiendelea na safari watapata hasara. Aya ya 11 inatuambia kuwa akida aliwasikiliza nahodha na mwenye merikebu zaidi ya maneno ya Paulo.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiisoma aya hiyo huku nikimlaumu akida, na sasa naona nilimwonea. Mambo ya bahari huulizwa nahodha. Mwenye merikebu naye alikuwa na mali yake ndani ya chombo, na hakuna atakayependa mali yake izame. Aya inayofuata inaongeza kwamba walio wengi walitaka safari iendelee, na upande wa pili alisimama mfungwa mmoja ambaye kazi yake ya mikono ilikuwa kushona mahema. Kwa hiyo swali linalonisumbua katika sura hii ni hili: watu wenye ujuzi wa kutosha, waliokuwa wanayafahamu majira kuliko abiria yeyote, waliingiaje katika tufani macho yakiwa wazi?

Nadhani jibu limo katika aya ya 12 na ya 13. Bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi, na wao walitamani kufika Foinike, penye bandari iliyo bora zaidi. Kisha upepo wa kusi ukavuma kidogo, wakadhani wamekwisha kupata walilolitaka, wakang'oa nanga. Nahodha hakuwa amesahau elimu yake. Matakwa yalikuwa yamekwisha kuamua, na ujuzi ukaitwa baadaye kuja kuyatolea ushahidi. Wavuvi wetu wanakijua kipindi cha tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, wakati upepo haujachagua upande, nao wanajua kuwa upepo mwanana wa asubuhi hausemi lolote kuhusu adhuhuri. Hata hivyo, mwenye haraka huuamini.

Sulemani alipoambiwa na Mungu aombe lolote, Biblia yetu katika 1 Wafalme 3:9 inasema aliomba moyo wa adili. Maneno ya Kiebrania yaliyo nyuma ya tafsiri hiyo, yakichukuliwa kama yalivyo, ni "moyo unaosikia". Tangu nilipojifunza jambo hilo sijaweza kuisoma habari ya hekima ya Sulemani kama nilivyokuwa nikiisoma zamani. Kijana aliyekuwa na ufalme mzima wa washauri mikononi mwake aliomba uwezo wa kusikia.

Naomba nieleweke vizuri hapa, kwa sababu wako miongoni mwetu wanaolitumia Neno kudharau shule. Paulo hakuwa mtu asiyesoma: alilelewa miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa torati, na katika barua yake ya pili kwa Wakorintho anataja kwamba alikwisha kuvunjikiwa na chombo mara tatu na kukaa kilindini usiku na mchana, yote hayo kabla ya safari hii ya Roma. Alisema akiwa na elimu ya darasani na chumvi ya bahari mwilini. Mithali 2:6 inasema kwamba katika kinywa cha Bwana hutoka maarifa na ufahamu, na mzazi anayemwachisha mtoto wake masomo kwa kisingizio cha imani anamnyima kitu ambacho Mungu mwenyewe anakitoa.

Katika mkoa wetu tunao mfano wa ajabu wa jambo hili. Mwaka 1938, huko Afrika Kusini, nahodha wa meli ya uvuvi aitwaye Hendrik Goosen aliona katika samaki wake mmoja asiye wa kawaida, akampelekea habari Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji wa East London. Mama huyo hakumtambua samaki yule, lakini hakumtupa. Alimchora na kumwandikia mwalimu wa chuo, J.L.B. Smith, ambaye alitambua kwamba ni silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Smith alitafuta wa pili kwa miaka 14, na alipopatikana Komoro mwaka 1952 ilidhihirika kuwa wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote na walikuwa na jina lake, gombessa. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanga nao walimpata mara nyingi katika jarife zao, na leo tunayo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Jicho la mvuvi, uangalifu wa mtunzaji na vitabu vya mwalimu, kila kimoja kilihitaji kuambiwa na kingine. Nami hujiuliza ni miaka mingapi ingeokolewa kama mtu mmoja tu msomi angeketi mapema na wazee wa Komoro akawauliza wanavua nini.

Mimi mwenyewe ni mwalimu kwa kazi, na dhambi hii naifahamu kwa ndani. Tulipokuwa tunajenga chumba cha shule ya Jumapili, nilikuwa katika kamati ya ujenzi. Bibi mmoja wa usharika, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alitukuta uwanjani tukinyoosha kamba za msingi. Akaninyooshea fimbo yake mahali palipokuwa na majani ya ndago, mabichi kabisa wakati nyasi nyingine zote zimekauka, akasema, "Mwalimu, hapa maji yanapita." Nikamjibu kwa heshima, "Bibi, tumepima." Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Mmepima kiangazi, mwanangu," akaenda zake. Nilikuwa na ramani mkononi na mafundi walikuwa wanalipwa kwa siku. Masika ya kwanza maji yaliingia usiku, asubuhi tukakuta madawati yamesimama ndani ya tope na sakafu imepasuka kutoka mlangoni hadi dirishani.

Nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi, naye akanikaribisha uji kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha akaja kutuonyesha njia ya maji tangu juu kwenye minazi hadi barabarani, hatua kwa hatua. Lakini hakuweza kutuambia mtaro uchimbwe kina gani ili maji yasisimame katikati. Hilo alilipima fundi kwa vyombo vyake, na mara hii alipima akiwa na bibi pembeni yake.

Narudi kwa akida, kwa sababu habari yake haikuishia aya ya 11. Tufani iliwashika, shehena ikatupwa, siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Usiku wa kumi na nne mabaharia walitaka kutoroka kwa mashua, wakijifanya wanakwenda kutupa nanga za mbele, na Paulo akamwambia akida na askari kwamba watu hao wasipokaa ndani ya merikebu, wao hawawezi kuokoka. Mara hii akida hakwenda kumuuliza nahodha. Askari walikata kamba papo hapo na kuiacha mashua ianguke baharini. Na askari walipotaka kuwaua wafungwa wasije wakatoroka, ni akida yule yule aliyewazuia, akitaka kumponya Paulo. Merikebu haikupona. Watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine wakiogelea, wengine wakishikilia mbao na vipande vya chombo kile.