Nilivyomsaidia baba baada ya miaka 20 ya ubunge

Baba aliingia bungeni 2000 akatoka 2020, vipindi vinne mfululizo. Wapinzani hawakumuweza, aliangukia kwenye kura za maoni za chama mwezi wa saba, ule mwaka kila kona watu wanasema wajumbe, yaani wale wa chama wanaopiga hizo kura, sio watu. Ndugu zangu wako mbali, mimi ndo nipo hapa Singida, kwahiyo nikabaki na wazee.

Watu wanadhani mbunge akitoka ana hela. Jamani, mbunge wa kawaida hana pensheni ya kila mwezi, anapewa kiinua mgongo kwa mkupuo Bunge likivunjwa basi, na cha baba kilikuwa kimeshaliwa na mkopo wa benki kabla hata hakijaingia. Simu iliyokuwa haipumziki ikanyamaza ndani ya wiki mbili. Ila getini hawakupungua, saa 12 asubuhi wapo, huyu ada, huyu jeneza, huyu nauli ya kumpeleka mgonjwa Dodoma, "shikamoo mheshimiwa", na baba hajui kusema sina, kumbe ameshauza ng'ombe sita mama hana habari. Na miaka yote alikuwa anatoa mfukoni kwake, maana ile hela ya mfuko wa jimbo ni ya miradi na inapitia halmashauri, hainunui jeneza.

Nikakaa nao wote wawili nikamwambia baba nionyeshe madeni yote. Aliyataja kwa siku mbili, kidogo kidogo, nililia. Tukauza gari kubwa, tukapanga kiasi cha michango kwa mwezi anakishika mama, kikiisha kimeisha. Hilo la hela lilikaa sawa kama baada ya mwaka hivi.

Kilichonisumbua zaidi ni yeye mwenyewe. Mwezi wa nne Bunge la bajeti likaanza, nikamkuta sebuleni saa 3 asubuhi kavaa suti na tai, anafuatilia maswali ya Bunge kwenye simu. Sikumsemesha, nilirudi jikoni nikakaa na mama.

Alafu akaja mama mmoja mjane, shemeji zake wamemchukulia shamba. Hakutaka hela, alitaka kujua aanzie wapi. Baba akamuuliza mambo karibu saa nzima, nikaona macho yake yamebadilika kabisa, yaani ni yule baba niliyekua nikimuona. Pale pale nikapata wazo. Nikaweka meza chini ya mti, Jumanne na Alhamisi, nikawaambia wa getini mwenye shida ya hela aende kwa mama, mwenye barua au kesi ya ardhi au mirathi aje kwa mzee. Anajua kila ofisi inafanya nini na barua ipite kwa nani kwanza, miaka 20 sio mchezo.

Barua ya yule mjane kwenda baraza la ardhi aliiandika siku tatu, mimi nachapa. Nilipomaliza akanirudisha, "subiri mwanangu, bado swali la nyongeza," kama vile yuko bungeni.