Watoto wa Bibi pale barazani

"Mjukuu wangu, hao watoto wa nani, mbona hawaamkii?" Bibi aliniuliza hivyo jioni moja baada ya magharibi, tumekaa barazani kwake Pangani. Mkekani hapakuwa na mtu. Yeye aliwaona watatu, wamevaa kofia, nguo zao zina maua madogo mekundu. "Kila ua naliona," akasema, "na uso wako wewe siuoni."

Hapo ndipo tungeshtuka. Presha ya macho ilikuwa imeshamla macho yote mawili, nasi tukawasingizia majini. Akasomewa, akanyweshwa kombe, jirani akanong'ona kuwa akili zinamruka. Bibi akanyamaza. Karibu mwaka mzima hakuwataja, kumbe wanakuja kila jioni. Hilo linaniuma mpaka leo.

Daktari wa macho ndiye aliyemuuliza taratibu: wanasema neno? Hapana. Unajua kwamba hawapo? "Najua, baba. Nikinyoosha mkono sishiki kitu." Akatueleza kuwa maruweruwe ya namna hii yana jina, la Charles Bonnet, Mswisi wa Geneva aliyeandika mwaka 1760 habari za babu yake, Charles Lullin, mzee mwenye akili timamu aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo huku macho yake yamefifia. Ile sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho, habari zikikatika, hailali; huchora yenyewe. Ndiyo maana Bibi aliyaona maua asinione mimi.

Si kila mauzauza chanzo chake ni macho. Homa kali ya malaria huyaleta, na mlevi aliyeacha pombe ghafla humpata pia. Mzee akianza kuona vitu na kuchanganyikiwa ndani ya siku moja mbili, pengine ana maambukizi, hata ya mkojo tu. Huyo awahishwe hospitali. Sauti zinazomwamrisha mtu ni jambo jingine, nalo lina tiba yake. Ninachowaomba ni hiki: muulizeni mwenyewe anaona nini, saa ngapi, gizani au kwenye mwanga, kabla hamjamwitia mtu wa kumsomea.

Dawa Bibi hakupewa. Alifundishwa kuwasha taa na kuyapeleka macho kushoto na kulia mara kadhaa. Jana nilimpigia simu.

"Wamekuja?"

"Wawili tu leo. Yule mdogo ana kofia mpya."