Majani ya chai katikati ya kikombe

Jumanne, saa nne usiku.

Leo nimekunywa chai isiyochujwa. Nilipoacha kukoroga, majani yalizunguka kidogo, kisha yakatambaa chini na kujikusanya katikati kama kichuguu. Nimeliona jambo hili tangu utotoni, lakini leo nimelitazama mpaka chai ikapoa, maana wiki nzima mawazo yangu yako kwenye mtungi wa wanafizikia wa Princeton, Marekani, wanaouzungusha kuiga gesi inayozunguka shimo jeusi.

Walichokuwa wakitafuta wenzetu wale ni sababu ya gesi kuanguka ndani ya shimo jeusi, gimba la angani lenye mvutano mkali mno, badala ya kulizunguka milele kama sayari. Wanafizikia Velikhov mwaka 1959, na Chandrasekhar mwaka 1960, walilipata jibu kwenye hesabu bila kuwaza mashimo hayo. Wanaastrofizikia Balbus na Hawley ndio walioonyesha mwaka 1991 kwamba linaihusu gesi hiyo. Uga sumaku hufanya kazi kama mpira uliofungwa kati ya matone mawili ya gesi. La ndani linakwenda mbio, mpira unalivuta nyuma, linapoteza momenta yake ya mzunguko, yaani msukumo wa kuendelea kuzunguka, na kuzama ndani zaidi. La nje linaipokea momenta hiyo na kusogea mbali. Mpira unazidi kuvutika, na utulivu wote unavunjika: huu ndio utovu wa uthabiti.

Maabarani, chukua silinda mbili, moja ndani ya nyingine, ya ndani ikizunguka kwa kasi zaidi. Kati yake mimina mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati, metali ambayo ni kimiminika hata bila moto. Halafu washa sumaku.

Shida ni kifuniko. Gesi ya angani haina sakafu wala mfuniko. Mtungi unavyo vyote viwili. Sakafu ya kikombe changu iliyapunguza mwendo maji ya chini, yakasukumwa kuelekea katikati pamoja na majani, kama Einstein alivyoeleza mwaka 1926. Mtungini mkondo huohuo unaweza kujifanya ndio ugunduzi. Princeton wakavikata vifuniko kuwa pete zinazozunguka kila moja kwa mwendo wake, baadaye wakaweka vya shaba. Wenzao wa Dresden, Ujerumani, walipita njia nyingine: mwaka 2006 waliupinda uga sumaku kama skurubu, na mwendo mdogo ukatosha. Uga ulionyooka ulidai kasi kubwa zaidi, na Princeton walitangaza kuupata utovu ule wa uthabiti mwaka 2022.

Nawaheshimu kwa kungoja. Nilipokuwa mwanafunzi niliona mawimbi kwenye silinda yangu ya maji, nikaandika kwa furaha kwamba ndiyo niliyoyatarajia. Mwezi mmoja baadaye nikagundua kwamba mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi. Ukurasa ule bado ninao, nimeukata kwa mstari mwekundu.

Nimeongeza maji kikombeni, nikasubiri yatulie, nikakiweka katikati ya kiti cha kuzunguka na kukizungusha kiti polepole. Safari hii sakafu ndiyo iliyotangulia maji, na majani yakakimbilia ukingoni.