Presha ilipanda kila nikimpima mgonjwa: kilichonisaidia

Jambo hili lilinichosha kwa miezi kadhaa. Mama mtu mzima anapima nyumbani kwa mashine yake, 128/80; akikaa mbele yangu, 168/100. Viganja vina jasho, macho yameganda usoni pangu.

Nilijaribu "usiogope, mama." Ikawa mbaya zaidi, nadhani kwa sababu alichokisikia ni "ogope" tu. Nikapima mara tatu mfululizo, ikazidi kupanda. Nikaleta utani, akacheka kwa adabu.

Siku moja nikamuuliza ni nini hasa kinachomtia hofu. Akasema: "Ukinyamaza, mwanangu. Ukikunja uso najua umeona kitu."

Kumbe! Mimi nilikuwa nasikiliza mapigo tu.

Tangu hapo, shikamoo kwanza, kisha naketi. Anapumzika dakika 5, ameegemea kiti, miguu imekanyaga chini, haja ndogo ameshakwenda. Kabla sijamgusa namwambia: "Nitakufunga mkanda huu mkononi, utabana kidogo kisha utaachia. Nitanyamaza, na huenda nikakunja uso, ndivyo ninavyosikiliza. Nikimaliza nitakwambia nilichokiona, chote." Naye namwomba anyamaze, maana kuongea nako hupandisha presha. Halafu namsomea namba kwa sauti, hata zisipokuwa nzuri. "Hamna kitu" siisemi kabla sijapima. Mgonjwa huijua ahadi ya bure.

Juzi ilisoma 134/82. Nilipokuwa nafungua mkanda, akaniuliza habari za watoto.